Zana za ufundi wa nyumba

Zana za ufundi wa nyumba ni vyombo ambavyo mafundi na wenye nyumba hutumia kujenga, kukarabati na kuboresha makazi. Miongoni mwake ni nyundo, msumeno, mwiko, timazi, pimamaji, bisibisi, spana na ngazi. Zana hutofautishwa na vifaa vya ujenzi: saruji, mbao, mabati na misumari huishia ndani ya nyumba, ilhali zana hurudi kwenye mfuko wa fundi na kwenda naye kwenye kazi nyingine.

Makala hii inazieleza kwa kufuata hali ya jiji la Mwanza na mwambao wa Ziwa Victoria nchini Tanzania. Huko mawe ya granite, miteremko mikali na unyevu wa ziwa ndivyo vinavyoamua zana ipi inafaa na ipi ni mzigo tu. Mtu anayejenga kwenye tambarare ya Shinyanga anaweza kufanya kazi miaka mingi bila kuhitaji baadhi ya vitu ambavyo fundi wa Igogo au Mabatini hawezi kuanza kazi bila navyo.

Majina ya zana

Majina ya zana kwa Kiswahili yana asili mbalimbali. Mengine ni ya Kibantu, kwa mfano msumeno, ambalo linatokana na meno. Mengine yalikuja na wafanyabiashara na mafundi kutoka ng'ambo: karai ni neno la Kihindi, na hadi leo linataja chombo cha kubebea zege na pia chombo cha kukaangia maandazi. Spana, drili, grinda na toroli yametoka Kiingereza. Mwiko wa mwashi una jina moja na mwiko wa kusongea ugali, na aliyewahi kuwaona wote wawili kazini hatauliza kwa nini.

Mafundi wenyewe hawatumii jina moja kwa kila kitu. Pimamaji huitwa pia leveli. Utepe wa kupimia huitwa futi au futikamba, hata kama umeandikwa sentimita tupu. Sepetu huitwa pia chepe, beleshi au koleo. Neno koleo lina hatari yake, kwa sababu linataja pia chombo cha kubania ambacho wengine hukiita plaizi. Anayemtuma kijana dukani ni vizuri amweleze kazi ya chombo pamoja na jina lake.

Historia

Ufuaji wa chuma katika eneo la magharibi ya Ziwa Victoria ni wa kale sana. Utafiti wa Peter Schmidt na Donald Avery huko Buhaya, uliochapishwa mwaka 1978, ulionyesha kwamba watu wa eneo hilo waliyeyusha chuma katika tanuri zenye joto kubwa yapata miaka 1,500 hadi 2,000 iliyopita. Kusini mwa ziwa, Warongo walijulikana kama wayeyushaji na wahunzi miongoni mwa Wazinza, na majembe ya chuma yalisafiri mbali kwa biashara na kutumika hata katika mahari. Makumbusho ya Wasukuma yaliyopo Bujora, Kisesa, karibu na Mwanza, yanahifadhi kumbukumbu za kazi ya wahunzi pamoja na nyumba ya asili ya msonge.

Nyumba ya msonge ilihitaji zana chache: shoka, panga, jembe, kamba na mikono. Nyumba ya pembe nne yenye ukuta wa mawe au tofali na paa la bati ilileta mahitaji mengine, kwa sababu ukuta mrefu usiponyooka huonekana, na bati lisipokaa sawa huvuja. Mabadiliko hayo yaliongezeka baada ya reli kutoka Tabora kufika Mwanza mwaka 1928, kwani saruji, mabati na misumari vilianza kufika kwa wingi zaidi.

Baada ya uhuru serikali iliweka taasisi kadhaa zinazohusika na ufundi. Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo (SIDO) liliundwa mwaka 1973, na Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA) iliundwa kwa sheria ya mwaka 1994. Zote zina huduma Mwanza. Shule ya wavulana ya Bwiru, iliyopo Ilemela, ni mojawapo ya shule za sekondari za ufundi za zamani nchini, pamoja na Tanga, Moshi, Ifunda, Mtwara na Musoma. Kando ya taasisi hizo, mafundi wasio rasmi waliendelea na kazi yao. Eneo la Makoroboi katikati ya jiji lilipata jina lake kutokana na taa za koroboi zilizotengenezwa hapo kwa mabati chakavu.

Mazingira ya Mwanza

Mwanza huitwa Jiji la Miamba. Ziwa lenyewe liko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na kutoka ukingoni ardhi hupanda haraka kwenye vilima vilivyojaa mawe makubwa yaliyolala juu ya mengine kama yalivyo kwenye Mwamba wa Bismarck. Sehemu kubwa ya wakazi wamejenga kwenye vilima hivyo, mara nyingi kabla ya viwanja kupimwa. Magari hayafiki kwenye nyumba nyingi, hivyo kila mfuko wa saruji wa kilo 50, kila ndoo ya mchanga na kila bati hupanda kichwani au begani. Toroli, ambayo mahali pengine ni chombo cha kwanza kununuliwa, huku juu haina njia ya kupita. Karai, ndoo na kamba imara ndivyo vinavyofanya kazi yake.

Jambo la pili ni mvua. Vuli huanza karibu na Oktoba na masika huanza Machi. Maji yanayoshuka mlimani huchimba udongo uliopo chini ya mawe na pembeni mwa misingi. Jiwe kubwa lililokaa karne nyingi bila kutikisika linaweza kubiringika likiondolewa udongo uliolishikilia. Kwa sababu hiyo sururu na mtaimbo ni zana za kutumiwa kwa tahadhari kwenye vilima vya Mwanza: kabla ya kuchimba chini ya jiwe, fundi hutazama juu yake kuna nini na chini yake kuna nyumba ya nani.

Jambo la tatu ni ziwa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, na umbali huo hupimwa kwa futikamba ndefu, si kwa hatua. Mwaka 2020 maji ya Ziwa Victoria yalipanda kupita kiwango cha juu kilichowekwa mwaka 1964, na nyumba nyingi za mwambao katika nchi zote tatu zinazozunguka ziwa zilifikiwa na maji. Wakati huo ilionekana wazi kwamba ukingo wa ziwa si mstari unaokaa mahali pamoja.

Zana za kupimia

Mwenye nyumba anayeanza kununua zana mara nyingi hukimbilia zile za kukata na kugonga. Mafundi wazoefu huanza na zile za kupimia. Kosa la nyundo huonekana palepale na hurekebishwa. Kosa la kipimo hugunduliwa ukuta ukiwa umefika kwenye lenta, na dawa yake ni kubomoa.

Futikamba ya mita 5 inatosha kwa kazi za ndani, na ya mita 30 au 50 hutumika kuweka msingi. Pamoja nayo huenda kamba nyembamba isiyonyumbuka na vigingi. Pembe mraba ya msingi hupatikana kwa kanuni ya Pythagoras ambayo wanafunzi huisoma darasani na mara nyingi huiacha hukohuko: fundi hupima mita 3 upande mmoja wa kona, mita 4 upande wa pili, na umbali kati ya alama hizo mbili lazima uwe mita 5 kamili. Msingi ukiwa mkubwa hutumika 6, 8 na 10, kwa kuwa kosa dogo la kupima huharibu pembe kidogo zaidi. Baada ya kona zote nne kuwekwa, hupimwa mishazari miwili. Nyumba ya mita 9 kwa 12 iliyo sawa ina mishazari ya mita 15 kila mmoja. Mmoja ukiwa 15.1 na mwingine 14.9, nyumba imelala upande hata kama macho hayaoni.

Timazi ni kizito cha chuma au shaba kinachoning'inia kwenye uzi. Uvutano wa dunia hauchoki wala hauhitaji betri, kwa hiyo timazi nzuri ni ile tu yenye uzi usiopinda na uzito wa kutosha kutosukumwa na upepo. Upepo wa mchana kutoka ziwani husumbua kwenye kuta za juu, na baadhi ya mafundi huzamisha kizito ndani ya ndoo ya maji ili kisiyumbe. Ukuta hupimwa kila baada ya mistari michache ya tofali, kwani mwinamo wa milimita chache chini huwa sentimita kadhaa juu.

Pimamaji ni ubao au fremu ya alumini yenye kichupa cha kimiminika na kiputo cha hewa. Kabla ya kuinunua, iweke juu ya meza ya duka, tazama kiputo kilipo, kisha igeuze ili ncha ya kulia iwe kushoto mahali palepale. Kiputo kikisimama upande uleule wa meza kwa umbali uleule, pimamaji ni nzima na meza ndiyo iliyoinama. Kikihama upande, achana nayo. Jaribio hili halichukui dakika moja na muuzaji mwaminifu halikatai.

Kwa Mwanza, hata hivyo, zana kuu ya kupimia ni mpira wa maji. Huu ni mpira mwembamba unaoonyesha ndani, wenye urefu wa mita 10 hadi 20, uliojazwa maji na kuachwa wazi ncha zote mbili. Kwa kuwa kanieneo ya hewa juu ya ncha mbili ni moja, maji hutulia kwenye kimo kimoja pande zote, hata kama katikati mpira umepita chini ya jiwe, kuzunguka mti na kurudi. Pimamaji ya mita moja haiwezi kulinganisha kona mbili zilizotenganishwa na jabali. Mpira wa maji unaweza, na bei yake ni ndogo kuliko ya karibu kila kitu kingine katika mfuko wa fundi.

Kosa la kwanza la mpira wa maji ni kiputo cha hewa kilichonaswa ndani. Kiputo huharibu usawa bila dalili ya nje, hivyo mpira hujazwa polepole kutoka kwenye ndoo iliyoinuliwa, ukinyooshwa na kugongwagongwa mpaka hewa yote itoke. La pili ni kuziba ncha moja kwa kidole wakati wa kusoma. La tatu ni kuukanyaga au kuukunja. La nne watu hulisahau: nusu ya mpira ikilala kwenye jua la saa saba na nusu kwenye kivuli, maji ya upande wa jua hupanuka na kusimama juu kidogo. Kabla ya kila kazi fundi huzishika ncha zote mbili pamoja na kuona kama maji yako sawa. Yakiwa hayako sawa hapo, hayatakuwa sawa mahali pengine.

Kwenye kiwanja kinachoteremka, vipimo hivyo huonyesha ni kiasi gani msingi wa upande wa chini utazidi ule wa juu. Tofauti ya mita 2 ndani ya mita 10 ni jambo la kawaida kwenye vilima. Msingi basi hujengwa kwa ngazi, kila ngazi ikiwa bapa, kwa sababu ukuta uliowekwa juu ya msingi ulioinama hutaka kuteleza. Upande wa chini unaojazwa kifusi huhitaji matundu ya kutolea maji. Ukuta unaozuia udongo uliolowa bila matundu hubeba uzito wa udongo pamoja na msukumo wa maji.

Zana za mawe, zege na lipu

Granite ni jiwe gumu. Nyundo ya seremala haifanyi kitu hapo, na tindo la chuma laini hujikunja ncha siku ya kwanza. Kupasua jiwe huhitaji nyundo kubwa, tindo la chuma kigumu, na kabari zinazopigwa kwa zamu kwenye mstari wa matundu mpaka jiwe liachie lenyewe. Katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki wapo pia wanaolipasua kwa moto: kuni au matairi huchomwa juu ya mwamba, kisha tofauti ya joto huukata. Njia ya matairi ni rahisi lakini moshi wake ni sumu kwa mchomaji na kwa majirani. Kokoto nyingi huvunjwa kwa mkono, mara nyingi na wanawake, kwa nyundo ndogo na kipande cha mpira wa tairi kinachozuia jiwe lisiruke.

Anayetaka kutoboa ukuta wa mawe ili afunge rafu au tangi anahitaji drili ya kugonga yenye keekee ya ncha ya tangsteni. Keekee ya mbao itaungua, na drili ndogo isiyogonga itazunguka tu na kung'arisha jiwe. Hapa ndipo wenye nyumba wengi hutupa fedha: hununua drili ya bei ndogo, huijaribu kwenye granite, na kuiua. Tundu mbili au tatu kwa mwaka hazihitaji drili ya kununua. Mafundi wenye nayo hutoza kwa kila tundu.

Zege hupimwa kwa ujazo. Mchanganyiko wa kawaida wa zege la nyumba ni sehemu moja ya saruji, mbili za mchanga na nne za kokoto, na udongo wa kujengea hutumia sehemu moja ya saruji kwa nne hadi sita za mchanga. Sepetu si kipimo, maana sepetu ya asubuhi na sepetu ya jioni hazilingani, kwa kuwa mikono iliyoishika imechoka. Chombo sahihi ni ndoo au kisanduku cha mbao kinachojazwa na kusawazishwa juu kila mara. Mfuko mmoja wa kilo 50 una ujazo wa karibu lita 35, na maji yake ni lita 25 hivi, pungufu kidogo mchanga ukiwa umelowa. Kuongeza maji ili zege iteleze vizuri ni kuipunguzia nguvu.

Chekeche hutenganisha mchanga na changarawe kwa kazi ya lipu. Chupa ya kioo yenye kifuniko nayo ni zana: mchanga huwekwa hadi nusu, maji huongezwa, hutikiswa na kuachwa utulie kwa saa kadhaa. Tope hukaa juu kama tabaka la rangi tofauti. Likizidi asilimia 8 hivi ya kimo cha mchanga, mchanga huo unahitaji kuoshwa au kurudishwa kwa aliyeuleta.

Kwa lipu hutumika mwiko, kibao cha kusugulia na rula ndefu ya alumini au mbao iliyonyooka. Mwiko hubandika, rula hukata ziada, kibao hufunga uso. Fundi asiye na rula hulazimika kuamini jicho lake, na mwanga wa taa usiku wa kwanza humsuta. Baada ya hapo inabaki zana rahisi kuliko zote, ndoo ya kumwagilia, kwa kuwa zege na lipu huhitaji kulowanishwa kwa siku 7 angalau. Kwenye mitaa ya juu ambako maji ya bomba hayafiki kila siku, maji ya kumwagilia ni gharama halisi na inafaa iwemo kwenye hesabu tangu mwanzo.

Ubora wa kazi hizi una uzito mkubwa katika ukanda huu. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ukubwa wa 5.9 lilipiga mkoa wa Kagera, likaua watu na kubomoa maelfu ya nyumba. Mtikisiko wake ulisikika hadi Mwanza. Kuta za udongo na za tofali zilizounganishwa kwa mchanganyiko dhaifu, zisizo na lenta ya zege na nondo iliyozunguka nyumba nzima, hazina cha kuzishika pamoja ardhi inapotikisika. Zana zinazohusika hapo ni za kawaida: msumeno wa chuma wa kukatia nondo, kifaa cha kukunjia, na koleo la kufungia waya.

Zana za mbao na paa

Seremala wa kenchi hutumia msumeno, randa, patasi, skwea, nyundo yenye ncha ya kung'olea misumari, na penseli. Msumeno butu huonekana kwa jinsi fundi anavyousukuma kwa bega zima. Tupa ndogo ya pembe tatu huurudishia meno kwa nusu saa. Patasi hunolewa kwa jiwe la mafuta. Patasi butu ni ya hatari kuliko kali, kwa kuwa hulazimisha nguvu nyingi na huteleza kuelekea mkono wa pili.

Mabati huuzwa kwa geji, na namba kubwa humaanisha bati jembamba: geji 28 ni nene kuliko 30, na 30 kuliko 32. Bati hukatwa kwa mkasi wa bati. Wengi siku hizi hutumia grinda kwa sababu ni ya haraka, lakini cheche zake huunguza rangi na utando wa zinki, na baada ya masika mbili kutu huanza hapohapo kwenye ukingo uliokatwa. Msumari wa bati hupigwa mgongoni mwa wimbi, si bondeni ambako maji hupita, na kichwa chake hakipigwi mpaka bati libonyee. Paa la mlimani hupigwa na upepo wa ziwa bila kizuizi, hivyo misumari ya ukingoni huwekwa kwa ukaribu zaidi.

Ngazi ya kuegemeza husimama salama ikiwa tako lake liko umbali wa robo ya urefu wake kutoka ukutani: ngazi ya mita 4 huwekwa mita 1. Kwenye mteremko miguu miwili haikai sawa, na jiwe linalowekwa chini ya mguu mmoja si suluhisho. Jukwaa la mirunda lililofungwa kwa kamba au misumari, likakitwa ardhini, ni salama zaidi, mradi mirunda iwe mibichi kiasi cha kutovunjika na minene kiasi cha kutopinda.

Zana za maji na umeme

Kazi ya bomba huhitaji spana mbili, moja kushika na nyingine kuzungusha. Mwenye spana moja hukaza koki na papo hapo kulegeza kiungo kilichopo ndani ya ukuta, na uvujaji hauonekani mpaka lipu ianze kubabuka. Urefu wa mpini nao una maana: nguvu ya newtoni 100 kwenye mpini wa sentimita 30 hutoa momenti ya newtoni-mita 30, na kwenye mpini wa sentimita 60 hutoa mara mbili. Ndiyo sababu spana ndefu hupasua viungo vya plastiki mikononi mwa mtu asiyejua nguvu zake. Mabomba ya plastiki ya kuunganishwa kwa joto huhitaji mashine yake, ambayo hufikia takriban nyuzi 260 za Selsiasi. Kuyapasha kwa mkaa au moto wa gesi hutoa kiungo kinachoonekana kizima na kuachia baadaye.

Maji ya jiji husambazwa na Mamlaka ya Majisafi na Usafi wa Mazingira Mwanza (MWAUWASA). Kila mita 10 za kupanda hupunguza kanieneo kwa bari 1 hivi, hivyo nyumba za juu hutegemea matangi, na kazi yoyote kabla ya mita ya maji ni ya mamlaka, si ya mwenye nyumba.

Umeme ni habari nyingine. Umeme wa TANESCO unaofika nyumbani ni wa volti 230 na unaua. Mwenye nyumba anaweza kuwa na testa, bisibisi zenye mpini uliofunikwa na plaizi ya namna hiyohiyo, akabadilisha taa au soketi baada ya kuzima swichi kuu na kuhakikisha kwa testa kwamba waya umekufa. Testa yenyewe hujaribiwa kwanza kwenye soketi yenye umeme, ili isije ikanyamaza kwa ubovu wake. Kufunga nyaya za nyumba nzima ni kazi ya fundi mwenye leseni ya EWURA. Kuna sababu ya ziada hapa Mwanza: waya wa ethi hufanya kazi ukigusa ardhi yenye unyevu, na kwenye mwamba wenye udongo wa kina cha mkono mmoja fimbo ya ethi haina pa kwenda. Fundi mwenye leseni anapaswa kuwa na kipima ethi kinachosoma omu, na mteja ana haki ya kuomba aone usomaji huo.

Usalama

Vumbi la granite lina silika. Likivutwa kwa miaka huleta ugonjwa wa mapafu uitwao silikosisi, ambao hauna tiba ya kuurudisha nyuma. Kitambaa kilichofungwa puani hakizuii chembe ndogo. Barakoa ya vumbi na kunyunyizia maji wakati wa kukata husaidia. Miwani ya kukinga macho ni ya lazima kwa anayetumia tindo, grinda au nyundo ya mawe. Kinga ya grinda ipo kuzuia jiwe lake linapopasuka, na kuiondoa ili diski kubwa iingie ni desturi mbaya iliyozoeleka. Usalama kazini husimamiwa na OSHA chini ya sheria ya mwaka 2003, lakini wakaguzi hawafiki kwenye kila kibaraza kinachokarabatiwa.

Umiliki wa zana

Kwenye vijiwe ambako mafundi husubiri kazi, mtu hutambulika kwa alichobeba. Mwenye mwiko, timazi na pimamaji yake ni fundi. Asiye na kitu ni saidia fundi, hata kama anajua kazi kuliko mwenzake. Tofauti ya ujira wa siku kati yao ni kubwa. Ndiyo maana kijana anayemaliza chuo cha ufundi akiwa na cheti bila zana hujikuta amerudi kubeba zege. VETA ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi kwa mafundi waliojifunzia kazini, nao hupewa cheti baada ya kupimwa. Lakini cheti hakikati mbao. Mikopo ya halmashauri inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani, yaani 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, ni njia moja ambayo vikundi vya mafundi vinaweza kuitumia kupata zana za pamoja.

Suala hilohilo liko shuleni. Sera ya elimu katika toleo lake la mwaka 2023 imeweka mkondo wa elimu ya amali katika sekondari. Karakana yenye randa tatu kwa wanafunzi arobaini hufundisha kungoja zamu, na kidogo sana useremala.

Kwa mwenye nyumba, kanuni inayofuatwa na wengi ni kununua kile kinachotumika kila mwezi, kuazima kinachotumika mara moja kwa mwaka, na kukodi mashine kubwa kama vile ya kuchanganyia zege, ya kushindilia au ya kukatia vigae, ambazo hukodishwa kwa siku. Zana ya kuazima ina masharti yake yasiyoandikwa: hurudishwa safi, hurudishwa siku iliyoahidiwa, na ikivunjika hulipwa bila mjadala. Zana za mitumba kutoka ng'ambo mara nyingi ni bora kuliko mpya za bei rahisi. Nyundo au jiriwa ya zamani iliyofuliwa kwa chuma kizuri hudumu vizazi viwili.

Utunzaji

Unyevu wa ziwa huleta kutu haraka, hasa kwenye nyumba zilizo karibu na maji. Zana za chuma hufutwa na kupakwa mafuta kidogo kabla ya kuwekwa. Mafuta ya injini yaliyokwisha kutumika hufaa kwa sepetu na sururu, lakini si kwa patasi wala msumeno kwa kuwa huchafua mbao. Mwiko na karai huoshwa kabla saruji haijakauka. Mpira wa maji humwagwa maji na kuning'inizwa kivulini, kwani ukiachwa na maji ndani huota ukungu wa kijani na hauonyeshi tena. Mpini wa nyundo uliolegea hubadilishwa au kutiwa kabari; kuuloweka usiku kucha ndani ya ndoo huukaza kwa siku moja tu, kisha mti hukauka na kichwa huruka.